Kununua kuni Dodoma: usilipie maji, usilipie hewa

Anayehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam huja na feni, na ikifika Oktoba ataishukuru. Juni ndiyo inayomshangaza. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, anga la kiangazi halina wingu la kuufunika, na usiku wa kipupwe joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 huku upepo wa mashariki ukipenya chini ya mlango. Kondoa na milimani Mpwapwa ndiyo usiseme. Saa kumi na moja alfajiri mtoto wa shule anasubiri maji ya kuoga, mtungi wa gesi umekata, ndipo mwenye nyumba anapokumbuka kuni. Bahati mbaya, mtaa mzima nao umezikumbuka siku hiyo hiyo.

Ninamwandikia huyo: mtu wa mjini au pembezoni mwa mji, mwenye ua, anayetaka kuni za kuchemshia maji, kupikia maharage na makande, na moto wa kuota jioni. Mwenye banda la nyama choma ana mahesabu yake. Na kama unanunulia shule au kambi, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeshaelekezwa na serikali kuachana na kuni na mkaa, kwa hiyo tafuta ushauri wa gesi.

1. Piga hesabu ya unachohitaji

Watu wengi hukosea hapa kabla hata hawajatoka nyumbani. Wanaagiza Canter nzima kwa kuogopa baridi, na ikifika masika nusu ya mzigo imeshaliwa na mchwa.

Chukua ndoo ya lita 20. Maji ya bombani asubuhi yana nyuzi 20 hivi, na ya kuoga yanataka nyuzi 40. Kazi hiyo inahitaji joto la megajuli 1.7. Mafiga matatu yaliyo wazi hupeleka kwenye sufuria kama asilimia 15 tu ya joto la moto. Linalobaki linapasha uwanja. Kilo moja ya kuni kavu inatoa megajuli 15 au zaidi kidogo. Ukigawanya, ndoo moja inakula robo tatu ya kilo. Familia ya watu watano, kila mmoja nusu ndoo, inatumia kama kilo 2 kwa siku, kilo 60 kwa mwezi. Juni, Julai na Agosti zote hazifiki kilo 200.

Kilo 200 za migunga mikavu iliyopangwa vizuri ni kama nusu ya mita ya ujazo. Toyo moja, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, inaleta, na chenji inabaki. Ongeza nyingine kama hiyo kwa ajili ya maharage na makande, kisha kidogo kwa wageni na msiba, kwa sababu msiba hautoi taarifa. Ukiwa na jiko banifu la udongo linalofunga moto pande zote, punguza makadirio.

Mkaa nao watu huuona nafuu kwa kuwa hauna moshi. Lakini tanuri la asili la porini linakula kilo 5 hadi 10 za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa. Kwa maji ya kuoga, kuni kavu zinatosha kabisa.

Kuhusu kupasha nyumba yenyewe, sishauri. Tembe la Kigogo lilijengwa kwa ajili ya baridi hii, kwa kuta nene za udongo, paa bapa la udongo na madirisha madogo. Joto la mchana na la mekoni linakaa humo hadi usiku. Nyumba yetu ya tofali za saruji na bati, isiyo na dohani, hairudishi chochote. Ukiwasha kuni ndani unapata moshi na macho mekundu. Ukiingiza jiko la mkaa chumbani ukafunga dirisha, unapata kitu kibaya zaidi: kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Jiko "lililokwisha moshi" ndilo linalodanganya, kwa sababu makaa yanayofifia bado yanaitoa. Ota moto nje, kisha ingia na dumu la maji ya moto lililofungwa kitambaa, ulitie kitandani miguuni. Mablanketi yatamaliza kazi.

2. Nunua kabla ya kuhitaji

Mvua za Dodoma ni chache, kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kati ya Mei na Novemba karibu hakuna kitu, ila jua na upepo. Kwa mwenye kuni hiyo ni zawadi: ukuni uliopasuliwa unene wa kifundo cha mkono, ukipangwa mahali penye upepo, unakauka kwa miezi miwili au mitatu bila gharama.

Wakati mzuri wa kununua ni Agosti hadi Oktoba, kwa ajili ya mwaka unaofuata. Njia zinapitika vizuri, kuni zimekauka, na walionunua kwa hofu ya Juni wametoweka sokoni. Ukichelewa hadi Januari utaletewa kuni zilizonyeshewa, na mwenye mkokoteni atakuongezea ya matope. Ukinunua Juni yenyewe, utalipa bei ya Juni.

Kama umeshachelewa na baridi imekukuta, nunua kidogo, za wiki mbili tatu, kavu kabisa hata kama ni ghali. Wakati huo huo chukua mzigo wa mbichi kwa bei ndogo, pasua, anika. Huo wa pili ndio utakaokuvusha.

3. Jua miti

Mgunga ndio mfalme wa kuni za huku. Ni mzito, unawaka taratibu na kuacha makaa mekundu yanayokaa muda mrefu. Ubaya wake ni miiba na umbo: matawi yamepindapinda, hayapangiki, na hilo lina madhara kwenye bei, nitalifikia. Mkwaju nao una moto mkali sana. Mjohoro na mkaratusi hupatikana kwa waliopanda mashambani. Vigogo vyao vimenyooka, na mtu asiye na mazoea ya shoka ataanza na hiyo. Mwarobaini na mwembe unaotokana na kupunguza matawi uani unafaa ukikauka vizuri.

Mbuyu usikubali, hata ukipewa bure. Ndani ni kama sifongo. Unabeba maji na ukikauka unabaki nyuzinyuzi. Msonobari huwaka haraka kwa sababu ya utomvu wake na ni mzuri kuanzishia moto, lakini unajaza sufuria masizi.

Minyaa, ile ya kwenye ua wa nyumba nyingi za Kigogo, isikatwe wala kuchomwa ikiwa mbichi. Maziwa yake yakiingia jichoni ni hospitali. Wauzaji waaminifu hawaiweki, ila vijana wanaokata ovyo huichanganya katikati ya tita.

Mpingo ukikutana nao kwenye mzigo wa kuni, ni ule mweusi ndani, mzito kiasi kwamba unazama majini. Unatoa moto mkubwa kweli, lakini kuuchoma ni hasara. Muulize muuzaji ameutoa wapi, na jibu lake likupe picha ya mzigo wote.

4. Pa kuzipata

Mkokoteni wa punda ndio duka linalotembea. Pembezoni mwa mji, Nala, Mkonze, Zuzu, Veyula, Ihumwa, utaikuta asubuhi ikiingia mjini kutoka vijijini. Ukiwa na mazoea na mtu mmoja, akakuletea kila baada ya muda, ni bora kuliko kuhangaika na sura mpya. Wazee wengi wa kazi hii ni Wagogo. Anza na "mbukwenyi" kabla ya bei, na usiulize bei ukiwa ndani ya gari.

Vituo vya kuni na mkaa vya mitaani vina faida moja: unachagua ukuni mmoja mmoja. Bei kwa kilo ndiyo ya juu kuliko zote.

Kwa Dodoma ya sasa kuna chanzo ambacho wengi wanakipita kila siku bila kukiona, nacho ni ujenzi. Tangu serikali ihamie, mji mzima ni kiwanja cha ujenzi, na kila ghorofa inayomwagwa zege inaacha mirunda. Ikishatumika mara kadhaa inapinda, inapasuka, na fundi anataka iondoke. Imekauka kabisa kwa sababu imesimama juani miezi. Ongea na msimamizi wa saiti, siyo na mlinzi, na mkubaliane kwa mzigo. Chomoa misumari yote kabla ya kupasua. Msumari mmoja unaharibu shoka na kuchoma gurudumu la bajaji. Gonga saruji iliyoganda.

Hapa pana onyo ambalo silegezi. Mbao za kenchi zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijanikijani, zisiingie jikoni. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki, na moto hauimalizi: sehemu inatoka na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu ambayo utayamwaga bustani ya mchicha. Nguzo za umeme zenye mafuta meusi, mbao zilizopakwa rangi na vipande vya MDF (zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) navyo ni hivyo hivyo. Ukiwa na shaka na kipande, kiache.

Viwanda vidogo vya mbao vinauza mabanzi, ni mepesi na yanafaa kuwashia. Na kama una ndugu mwenye shamba la zabibu Hombolo, Mpunguzi au Makutupora, mizabibu hupogolewa mara mbili kwa mwaka, na yale matawi membamba yakikauka yanashika moto kwa kiberiti kimoja. Ila mizabibu hupuliziwa dawa: ukiwa na shaka, usiyachome. Magunzi ya mahindi ni ya bure na yanafanya kazi hiyo hiyo.

Vijijini utasikia Kisiki Hai. Ni njia inayohimizwa Dodoma na mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit: mkulima haoteshi miche, anachagua machipukizi kwenye visiki vilivyo hai shambani, anapogolea mengine, anaweka alama, analinda. Matawi yanayopogolewa ni kuni, nyembamba lakini halali, na kisiki kinabaki kinakua. Nikipewa kuchagua kati ya muuzaji wa aina hiyo na mwenye magogo makubwa yasiyo na maelezo, sifikirii mara mbili.

5. Karatasi

Kwa tita la kichwani hakuna atakayekuuliza. Kwa kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, au Canter, uliza wewe kabla hujaulizwa. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, kuvuna mazao ya misitu kwa biashara kunataka kibali, na kuyasafirisha kunataka hati ya kusafirishia, ambayo barabarani kila mtu anaiita TP. Hati hiyo inataja mzigo, gari na njia. Ikiwa namba ya gari iliyoandikwa siyo ya gari lililosimama getini kwako, hati hiyo ni ya mzigo mwingine.

Usilipe mzigo mkubwa ukiwa bado porini. Mzigo ukikamatwa kwenye kizuizi cha maliasili, wewe uliyelipa ndiye unayelala njaa. Mpe muuzaji kianzio, malizia ukiwa umeshauona mzigo na karatasi yake, na baki na nakala au picha kwenye simu.

Ukiagiza moja kwa moja kijijini, pitia kwa mtendaji wa kijiji. Vijiji vina sheria ndogo zao kuhusu msitu wa kijiji, na faini hutozwa hata mgeni aliyekuja na nia njema. Watu wa Kondoa hawahitaji kuelezwa kwa nini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 baada ya makorongo kula mashamba, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyomomonyoka ili ardhi ipumue. Vilima vile vilishakaa uchi, na wenye umri wanavikumbuka.

6. Pima ukavu

Ukuni mbichi unaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Unalipia kilo 10, unapata kilo 5 za mti na lita 5 za maji, kisha unachoma sehemu ya mti kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Kuni kavu inatakiwa iwe na maji chini ya asilimia 20. Hakuna haja ya kipimo.

Chukua vipande viwili vya unene sawa, uvigonganishe. Kavu inalia kwa sauti ya juu, ya kukatika. Mbichi inatoa mlio mzito, uliozibwa. Muuzaji mzoefu akikuona unafanya hivyo atabadilisha maneno yake. Nilimwona mama mmoja njia ya Iringa akigonga mara moja tu, akaweka chini, akasema, "Hizi za juzi, baba, nipe za kule nyuma." Yule mzee akacheka, akaenda nyuma.

Tazama kichwa cha ukuni. Mkavu una nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni, rangi imefifia, gome linabanduka ukilivuta. Nyufa za kichwani peke yake zisikutoshe, kwa kuwa ncha hukauka kwanza na tumbo likabaki bichi. Omba wapasue gogo moja nene mbele yako, kisha weka upande wa ndani shavuni. Ukisikia ubaridi wa unyevu, hilo ni la mwezi huu.

Ukuni wenye vitundu na unga mweupe umebunguliwa. Utawaka, ila umepoteza uzito na utawaambukiza wenzake uani. Shusha bei au kataa.

Njia ya uhakika kwa anayenunua mara kwa mara: pima kipande kimoja kwenye mizani ya dukani, kianike wiki mbili, upime tena. Kikiwa kimepungua sana, huyo muuzaji anakuuzia maji.

7. Pima wingi, kisha zungumza bei

Tita, mkokoteni, toyo, kirikuu: hakuna hata kimoja chenye ujazo mmoja. Hapa ndipo hewa inapouzwa. Ujanja unajulikana: nene nje na fito katikati, matawi yenye panda yaliyotegeshwa yasikaribiane, magogo yaliyosimamishwa pembeni ili mzigo uonekane umejaa hadi juu.

Dawa ni kukubaliana bei ya mzigo uliopangwa chini, siyo uliorundikwa garini. Waambie vijana wapange ukutani kwa muda, chukua futikamba, pima urefu, kimo na kina, zidisha. Mita moja kwa mita moja kwa mita moja ni mita ya ujazo. Kwa vigogo vilivyonyooka, kama theluthi mbili za rundo hilo ni mti. Migunga iliyopinda inaweza kuwa nusu tu au chini ya hapo. Kwa hiyo mita ya ujazo ya mkaratusi na ya mgunga zisipewe bei moja bila kufikiri: mgunga ni mzito zaidi, lakini una hewa zaidi. Mara nyingi zinakaribiana.

Uliza bei sehemu tatu ndani ya siku moja, kabla ya kutaja yako. Kisha uliza vitu vinavyokuja baadaye: kushusha ni nani? Kupasua? Kupanga? Bei nzuri ya mzigo huharibikia hapo, pale vijana wanne wanaporuka kutoka kwenye gari na kila mmoja anataka ya chai. Lipa kwa simu ili muamala ubaki, na usilipe hela yote hadi ukuni wa mwisho umeshuka, maana wakipokea wanakumbuka safari nyingine.

8. Pasua na upange

Pasua siku hiyo hiyo ikiwezekana, kwa sababu mbichi hupasuka kirahisi kuliko kavu, hasa mgunga. Wapo vijana wanaofanya kazi hii kwa mzigo. Mkubaliane unene kabla, la sivyo utapata nusu magogo.

Usipange juu ya ardhi tupu. Mchwa wa Dodoma hawachelewi. Weka safu mbili za tofali au mawe, juu yake fito, ndipo kuni. Acha nafasi ya kiganja au zaidi kati ya rundo na ukuta wa nyumba, upepo upite na mchwa wasipate daraja la kufikia kenchi. Upepo wa kipupwe hutoka mashariki na kusini-mashariki, hivyo elekeza rundo lilale kaskazini-kusini, upepo ulichome ubavuni. Kabla ya Desemba weka bati juu peke yake. Ukifunika turubai hadi chini umetengeneza bafu la mvuke.

Jiko la nje lijengee ukuta mfupi upande huo huo wa mashariki. Upepo unaopiga mafiga unakula kuni, na cheche zake zinaruka mbali kwenye nyasi kavu za Septemba, basi rundo lisiwe upande cheche zinakoelekea.

Toa kuni kuanzia mwisho uliopangwa kwanza. Na usimtume mtoto kutoa kuni gizani. Nge hupenda hapo kuliko mahali pengine pote uani, na nyoka huwafuata panya. Sogeza ukuni kwa fimbo kwanza, utazame, ndipo ushike.